Njia ya Plau Hadi Chemchemini

Ukifika kwa mkulima, kabla hujafungua mdomo kumfundisha chochote, omba maji ya kunywa. Hata kama una chupa yako ya dukani kwenye begi, iache humo humo. Omba maji, kaa, kunywa, sikiliza.

Nawaambia nyie vijana mnaoanza kazi ya ugani, mnaokuja hapa kwangu Milanzi na pikipiki zenu na simu zenye ramani za udongo. "Shikamoo bibi, tunaomba uzoefu." Marahaba. Uzoefu wenyewe ndio huo. Nikisema hivyo mnatazamana, mnadhani bibi kazeeka, anataka chai. Chai nataka, ndiyo, lakini kwanza nimalize.

Maji yakiletwa, yatazame. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, jua udongo wa juu unashuka kisimani. Uliza yametoka wapi. Mama mwenye nyumba akionyesha hapo chini ya bustani, ana bahati. Akionyesha kwa kidevu mlima wa pili, usimguse kabisa na habari za kumwagilia mboga, atakuona mwehu. Halafu kunywa, ila tone la mwisho ulibakize. Inuka, nenda ukingoni mwa uwanja pale shamba linapoanzia, ulimwage. Wazee wetu wote wanamwaga masalia ya kikombe, hakuna atakayekushangaa. Wewe tazama tu. Ardhi yenye afya inakunywa pale pale. Ardhi inayoumwa inatema: maji yanakaa juu, yanahangaika, yanatafuta mteremko. Ukishaona hilo ndipo uanze kuuliza habari za mavuno.

Hilo nilifundishwa na bosi wangu wa kwanza, bwana shamba mmoja mnene, mpenda ugoro, ambaye vijiji vyote vilimwita Mzee Kikombe. "Skola," aliniambia, maana mimi naitwa Skolastika, "watu wa huku watakudanganya kwa heshima. Watasema mvua ilikuwa nzuri, mafundisho yako ni mazuri, shamba halijambo. Maji hayana adabu hiyo." Halafu akapiga chafya mpaka kofia ikadondoka. Alikuwa hivyo, anasema neno la maana na kamasi zinamtoka.

Nilipangiwa kijiji kimoja huko juu uwandani, karibu na ukingo watu wanaposhukia kwenda Mtowisa na bonde lote la Rukwa. Upepo wa mwezi wa sita kule unakata masikio. Siku niliposhuka kwenye baiskeli na sketi yangu, mzee mmoja akachungulia nyuma yangu, akauliza, "Bwana shamba yuko njiani anakuja?" Nikamjibu, "Bwana shamba amefariki, mimi ndiye mjane wake, nimerithi jembe." Walicheka wakanipa kigoda. Mwanamke katika kazi ile, ukinuna siku ya kwanza utanuna mpaka kustaafu.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Gaudensi. Alikuwa kijana bado, mrefu, mwenye maksai wazuri kuliko mtu yeyote pale, na sifa yake ilikuwa moja: mstari wa plau yake ulinyooka kama uzi uliovutwa. Mkewe Leokadia alipenda kusema aliolewa kwa sababu ya mstari ule, kwamba baba yake aliutazama kutoka barabarani akasema, huyu hajui pombe. Leokadia tulishibana naye haraka. Akaniita dada, nami nikamwita Gaudensi shemeji, basi utani ukawa wa bure.

Sasa sikilizeni kosa letu, maana halimo kwenye vitabu vyenu. Kwenye mteremko, plau inatakiwa ikate mteremko, ifuate usawa wa ardhi, ili kila mstari uyashike maji yanaposhuka. Na usawa wa ardhi umepinda, unazunguka na kilima. Mwanamume wa kule hakubali mstari uliopinda. Mstari uliopinda ni wa mlevi. Kwa hiyo wote walilima kunyoosha, kutoka juu kuja chini, na mvua ikija kila mstari ulikuwa mfereji uliochimbwa tayari. Nilipoleta fremu yangu ya kupimia usawa, vijiti viwili vimeungana juu, kimoja kimekatiza katikati, na kamba yenye jiwe inaning'inia, Gaudensi akaizunguka akaniuliza, "Shemeji, hicho kitanzi ni cha nani?" Nikamwambia ni cha anayelima kufuata mteremko.

Miaka ilikuja ikapita kabla hajaacha kucheka. Lakini alipojifunza, alijifunza kweli. Alikuwa wa kwanza kulima kwa kupinda, na wenzake wakawa wanampigia kelele kutoka barabarani, "Gaudensi, umeamkia kilabuni?"

Mama yake, kabla ya hapo, alikuwa bado anapiga ntumba. Mnalijua neno? Nyie wa Mazwi mliokulia kwenye lami mtaniambia ni jina la mgahawa. Ntumba ni tuta la mviringo. Mvua zinapokaribia ukingoni, udongo ungali laini, unarundika nyasi, unageuza udongo wenye mizizi juu yake, unafunika. Unapanda maharage. Ndani humo nyasi zinaoza polepole, tuta linakuwa joto, linashika maji kama sifongo. Mvua mpya zikija unalibomoa, unalisambaza, unasia ulezi. Uwanda huu hauna miti, hauna mbolea ya kurithi, na wazee waliulisha kwa nyasi zake zenyewe. Plau ilipokuja, ntumba zikaonekana kazi ya vikongwe. Siwalaumu sana. Anayesema kupiga ntumba ni raha hajawahi kuumwa kiuno.

Ofisini kwetu nako mambo yalikuwa yale yale. Msimu huu tuambiwe ntumba ni ushamba, msimu ujao tuambiwe ni hazina. Kuna mradi ulikuja ukawachimbisha watu matuta marefu yaliyonyooka kuteremka mpaka barabarani, ili wageni wayaone bila kushuka kwenye gari. Wageni waliyaona. Mvua ya kwanza nayo iliyaona.

Lakini kilichotumaliza hakikuwa kulima kwenyewe. Kilikuwa kurudi nyumbani.

Mashamba yalikuwa juu ya mteremko. Katikati ya mteremko palikuwa na chemchemi. Kijiji kilikaa chini kidogo, na chini kabisa ukawa mto. Jioni mtu akimaliza kulima, hafungui plau. Anailaza ubavu, maksai wanaiburuza, wanashuka moja kwa moja mpaka chemchemini wanywe, halafu nyumbani. Kila mwenye plau alifanya hivyo, njia ile ile, baba akafa mtoto akaendelea. Ule ubavu wa chuma ulichora mstari kwenye nyasi. Mstari ukawa kijia. Mvua ikakipenda kile kijia. Nilipokiona mara ya kwanza ningekiruka bila kukunja sketi, nami nikakiruka. Baadaye mbuzi walianza kusita. Baadaye tena Gaudensi alisimama ndani yake akinionyesha kitu, na mimi niliyekuwa juu sikuiona hata kofia yake.

Korongo, vijana, halina akili ya maji. Maji yanashuka, lenyewe linapanda. Linaanzia chini mtoni, linakula kichwa chake kwenda juu, mvua kwa mvua. Na lile letu lilikuwa linapanda kuelekea chemchemini.

Niwaeleze chemchemi ilivyo, msije mkadhani ni shimo lenye maji. Maji yanayozama huko juu mashambani yanashuka ndani ya ardhi mpaka yanakuta udongo mgumu wa mfinyanzi, yanalala juu yake kama mchuzi kwenye sinia, yanatokea ubavuni mwa kilima. Sinia likitobolewa kwa chini, mchuzi wote unakwenda. Chemchemi ile ndiyo iliyokuwa kijiji. Haikuwahi kukauka, wanawake walichota hapo, watoto walibatizwa kwa maji yake, matofali ya kanisa yalifyatuliwa kwa maji yale. Korongo likifika pale, kijiji kimekwisha. Mimi na Gaudensi tulilijua hilo, tukaanza kulisema mpaka watu wakawa wanatukimbia.

Dawa mnazijua, msinipotezee muda. Kuta za mawe ndani ya korongo, fupi fupi, zipunguze mwendo wa maji. Mkonge kingoni, majani ya mabingobingo kwenye tope linalonaswa. Huko juu, mtaro wa kuyachepusha maji. Plau zibebwe, zisiburuzwe. Na ng'ombe wasipite, wala wasile mabua kwenye mashamba ya juu ya chemchemi, ili mabua yafunike udongo na mvua izame.

Kuta za mawe tulijenga bila shida. Mawe yapo. Kubeba plau ndiko kulikoleta kicheko. Gaudensi alibeba yake begani, chuma na vishikio vyake vyote, nyuma ya maksai wanaotembea mikono mitupu, kama ng'ombe wana mikono. "Aka! Ng'ombe wanakwenda matembezi, mwanamume ndiye punda!" Wanawake waliokuwa chemchemini walishika mbavu. Leokadia alicheka nao, halafu akampokea ile plau mlangoni akamkanda mabega kwa maji ya moto.

Habari ya mabua haikuwa kicheko. Kwetu shamba likishavunwa si lako tena, ni la ng'ombe wote. Hujamwambia mtu karibu, wala hujamkataza, ndivyo ilivyo. Anayezuia ng'ombe wa jirani asile mabua ni mchoyo, na kule neno mchoyo halikai peke yake, linatafutiwa mwenzake baya zaidi. Mkutano ulikuwa mrefu, jua likatuchoma, mzee mmoja akasimama kwa fimbo akasema, "Mabua ni ya Mungu." Gaudensi akasimama naye. "Ni kweli, baba. Na chemchemi ni ya nani?" Watu wakaguna. Mwisho walikubali. Mashamba ya juu pamoja na chemchemi yazungushiwe uzio wa mkonge na miiba, na mlango mmoja wa miti ya kuchomoa, jirani na nyumba ya Gaudensi. Hori la maji likajengwa nje ya uzio, na bomba linaloteremka kutoka chemchemini, ng'ombe wanywe humo.

Na ilifanya kazi! Hilo mlikumbuke, maana nitakayosema baadaye yatawafanya msahau. Misimu kadhaa korongo lililala. Tope lilijaa nyuma ya kuta za mawe, Leokadia akapanda maboga humo, akanipa moja kubwa hata nikalifunga kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli nikaisukuma kwa miguu mpaka nyumbani. Nilikuwa nakwenda na kikombe changu pale ukingoni mwa shamba lao, namwaga, maji yanapotea kabla sijasema Yesu Maria. Nilifurahi jamani. Ukifanya kazi hii utafurahi mara chache, ukipata furaha usione haya.

Kisha ukaja mwaka ambao mvua haikueleweka. Huku juu tulipata kidogo. Bondeni hawakupata kitu, na wafugaji wakaanza kupandisha ng'ombe kutafuta maji.

Mimi sikuwepo siku ile, nasimulia kama Leokadia alivyonisimulia. Gaudensi alikuwa amekuja mjini kutafuta mbegu. Ilikuwa mchana. Leokadia alikuwa anaanika ulezi, akasikia kwanza vumbi kooni kabla hajasikia kengele. Kundi kubwa, mbavu zinahesabika, na mbele yao mzee mmoja wa Kisukuma anaitwa Masanja, na wanawe nyuma.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Hawa hawajanywa tangu tuanze kupanda mlima. Nionyeshe maji."

Akamwonyesha hori. Lakini mwaka ule bomba lilikuwa linadondosha tone moja moja, na hori lilikuwa na maji ya kulowesha ulimi tu. Ng'ombe wa mbele walilimaliza, wa nyuma wakawa wanaramba saruji. Wote walikuwa wanasikia harufu ya chemchemi ng'ambo ya uzio. Jike mmoja alipiga magoti, akajaribu kuinuka, akalala. Ndama wake akawa anamsukuma kwa kichwa.

"Huku ndani hapaingiliki, baba," Leokadia alimwambia. "Ni sheria ya kijiji. Pakikanyagwa, maji yatakufa."

Masanja akaitikia kwa kichwa. Akavua kofia, akaketi chini mavumbini, akawatazama ng'ombe wake.

"Hakuniomba tena, dada," Leokadia aliniambia. "Angeniomba ningekataa."

Akaenda akachomoa miti ya mlangoni, mmoja mmoja, kwa mikono yake.

Hamjawahi kuona ng'ombe wenye kiu wakifunguliwa. Hawana fimbo, hawana mwenyewe. Walizunguka chemchemi wakaisaga kingo zake ikawa matope. Na waliposhiba hawakutokea mlangoni walikoingilia. Walishuka korongoni, kwenye njia ile ile ya plau za zamani, wakavunja mabingobingo, wakayaviringisha mawe ya kuta kama viazi. Masanja na wanawe walijitahidi kuwazuia, haki ya Mungu walijitahidi. Jioni, kabla ya kuondoka, Masanja alimshika Leokadia mikono yote miwili.

Msije mkatoka hapa mkasema wafugaji ndio waliotuua. Nitawasikia, na nitawafuata kwa fimbo hii. Njia ile hawakuichora wao.

Gaudensi aliporudi alisimama kwenye mlango wa uzio na kiroba chake cha mbegu begani. Akatazama kila kitu. Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake anangoja kipigo, ingawa hakuwahi kumpiga.

"Walikunywa?" akauliza.

"Walikunywa."

"Basi." Akatua kiroba, akachukua jembe, akashuka korongoni.

Mvua zilikuwa bado. Watu wote wangeshuka na mawe, kazi ingekwisha mapema. Nilikwenda mimi mwenyewe, nikaomba mkutano. Mwenyekiti wa kitongoji hakunitazama usoni. "Mkewe alifungua," wakasema, "mkewe azibe." Nikasema jamani, chemchemi si ya Leokadia. Wakasema alipokuwa anafungua aliiona ni ya nani? Na mwingine, nyuma kabisa, akatoa neno lililotuzika: "Kama ng'ombe wa wageni wameingia, wetu wamekosa nini?"

Kesho yake walichunga ndani. Wote. Hata waliobeba mawe pamoja nasi, hata yule mama ambaye ubatizo wa watoto wake wote ulitoka kwenye maji yale. Mabua yaliliwa mpaka vishina, ardhi ikabaki uchi, ikapigwa kwato ikawa kama sakafu. Siku ile niliwatukana watu wazima, matusi ambayo katekista alikuja kuniuliza nimeyajulia wapi. Sijutii hata moja. Nilikuwa na hasira ya kulia. Tulibaki korongoni watu watatu, Gaudensi, Leokadia na mimi, tunapandisha mawe, na juu yetu ng'ombe wanatafuna.

Mvua ya kwanza ilitukuta kanisani, Jumapili. Ilipiga bati mpaka sauti ya padre ikapotea. Mnajua watu waliosubiri mvua walivyo. Wanawake walipiga vigelegele, kwaya ikaanza wimbo bila kuambiwa, padre akanyoosha mikono juu akacheka. Nikageuka kumtafuta Gaudensi. Alikuwa amesimama wima katikati ya watu wanaoimba, mdomo umefungwa, macho kwenye mlango. Leokadia alikuwa amepiga magoti na kanga kichwani.

Tulipotoka nje tulisikia korongo kabla hatujaliona. Lilikuwa linanguruma. Maji yote ya mashamba ya juu yalikuwa yanateremka juu juu ya ardhi, hakuna hata tone lililokuwa linazama, yanaingia kwenye ile njia, na kichwa cha korongo kinadondoka vipande vikubwa vikubwa vya udongo. Tulisimama tukatazama. Hakuna cha kufanya mbele ya maji yale, na mtu aliyejaribu kushuka tulimkamata shati.

Haikufa siku ile. Chemchemi haifi kwa siku moja, inaugua. Mvua ziliendelea, na kila zikija korongo lilipanda hatua nyingine, mpaka likakata ule udongo mgumu. Maji yakaanza kutokea chini, ndani ya korongo, machafu, yanakwenda mtoni. Huku juu dimbwi likashuka, likawa tope, likawa ufa. Kijiji kizima kimelowa, paa zinavuja, nguo hazikauki, na wanawake wanatoka na ndoo kwenda kutafuta maji mlima wa pili. Masika yenyewe hayo.

Baada ya hapo mnanijia na maswali yenu ya mitihani. Bibi, mtaro uwe na kina gani? Bibi, mkonge upandwe kwa umbali upi? Hayo mtayakuta kwenye semina, na mtakula na posho. Mimi nawaambia fremu ya kupimia usawa nilimfundisha Gaudensi asubuhi moja. Mabua yale yalinichukua nusu ya umri wangu, na yaliliwa kwa siku chache kwa sababu ya kisirani. Udongo wa Ufipa haujawahi kunikaidi. Ukiuwekea nyasi, unapona. Nendeni mkae na watu, mkae nao kabla hawajakasirika, na mkasirikie mbali na mkutano, si kama mimi. Na sheria mkiiweka, iwekeeni mahali pa mgeni mwenye kiu. Hilo hatukuliweka. Tulimwachia mama mmoja mlangoni peke yake.

Gaudensi alifariki kifua kilipombana, msimu wa baridi. Mpaka mwisho alikuwa anabeba plau begani, ingawa hapakuwa na kitu tena cha kuokoa. Vijana walimuuliza kwa nini, akawaambia ameshazoea. Siku ya mazishi maji ya kupikia waombolezaji tuliyaleta kwa mikokoteni kutoka mbali.

Leokadia bado yupo. Wanawake wa pale hawamtukani, hapana, wanamsalimu vizuri. Ila wakienda majini hawampitii. Anakwenda peke yake, alfajiri, na ndoo moja, maana mbili hawezi tena.

Nilimtembelea juzi hapa, baada ya mavuno. Bodaboda alinishusha barabarani, nikapanda polepole na fimbo yangu. Korongo limeshapita pale ilipokuwa chemchemi, linaelekea mashambani, na huwezi kwenda kwa Leokadia bila kulizunguka. Nilimkuta ameketi kivulini mwa ukuta anapepeta ulezi kidogo.

"Karibu dada Skola. Umekuja kwa miguu yako?"

"Kwa ya nani tena, mdogo wangu?"

Tukacheka. Akaniwekea kigoda, akaingia ndani, akatoka na maji. Sikuomba. Kikombe kimejaa mpaka ukingoni, amekishika kwa mikono miwili, anatembea taratibu yasimwagike. Nikayapokea, nikayanywa, matamu, ya baridi. Tukaongea habari za watoto, nani kaolewa, nani kaenda Mbeya hajarudi.

Na mimi, mtu mzima mwenye akili zangu, kazi imeshanikaa mwilini. Nikainuka huku naongea, nikaenda ukingoni mwa uwanja pale shamba linapoanzia, nikamwaga masalia. Nilikumbuka ni maji ya nani yalipokwisha kutoka kikombeni.

Hayakuzama. Yalikaa juu ya ule udongo mtupu, yakatikisika, yakapata mteremko. Yakaondoka kwa ncha nyembamba, yanakwepa kokoto, yanashuka kuelekea korongoni. Leokadia alikuwa amesimama kando yangu. Aliyatazama mpaka yakatoweka ukingoni, wala hakukasirika.

"Hata hayo yanaijua njia, dada," alisema, akanyoosha mkono nimrudishie kikombe.